Alama 64 za Hisabati, Alama 64 za Fasihi

Kwenye orodha ya matokeo ya muhula, alama 64 za Hisabati na alama 64 za Fasihi huandikwa kwa tarakimu zilezile. Zote mbili ni B. Zote huingia kwenye wastani mmoja, na siku ya mahafali hakuna anayesimama kuuliza kila moja ilipatikana vipi. Nimefundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na swali hilo lilinijia kwa njia ya kazi tu: niliwekwa kwenye kamati ya kupitia upya kanuni za mitihani, kamati ambayo kila mwenye akili zake aliikwepa kwa sababu haina marupurupu na chai yake huja imepoa. Ilinibidi nizunguke idara za watu, niketi kwenye mitihani yao, nisome karatasi zao. Ninayoandika hapa ni niliyoyaokota huko.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika vyuo vingi vya umma nchini, kazi za muhula, yaani CAT (majaribio mafupi ya katikati ya muhula), insha na kazi za vikundi, hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Kozi zenye maabara au karakana mara nyingi hugawa 40 kwa 60. Kufaulu ni 40. D huanzia hapo, C ni 50, B ni 60, A ni 70 kwenda juu. Wenzetu wa udaktari wanadai 50 ndipo mtu ahesabiwe kuwa amepita. Isome kanuni hiyo kwa makini utaona inasema alama ni ngapi, wala haisemi popote ni alama za nini. Kwenye mwanya huo ndipo kila taaluma huingia na imani yake.

Niseme kwanza nilikotoka. Kabla ya chuo nilikuwa mwalimu wa sekondari kule Vihiga, na shule zikifungwa mwisho wa mwaka nilikuwa nikienda kusahihisha insha za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne. Insha moja ina alama 20, na viwango ni vinne: D ni 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba mwanzoni hakuna usahihishaji wa kweli unaofanyika. Mnapewa nakala ya insha moja, kila mtu anaisoma peke yake na kuweka alama, halafu kila mmoja anaitaja yake kwa sauti. Wewe 13, jirani yako 9, yule wa dirishani 15. Kiongozi wa kundi anauliza: wewe umeona nini ambacho mwenzako hakukiona? Mnabishana juu ya methali iliyotumiwa visivyo, juu ya aya isiyo na kiini, juu ya makosa ya hijai, mpaka pengo lipungue. Hata mkishaanza kazi yenyewe, kiongozi huchomoa karatasi kadhaa kwenye furushi lako na kuzipitia upya, na ukiwa umelegea unarudishiwa zote.

Chuoni mambo ni mengine. Ninafundisha kozi, ninautunga mtihani wake, ninausahihisha, ninajaza alama. Anayesimama kati yangu na seneti ni mtahini wa nje, profesa kutoka chuo kingine, ambaye huyapitia maswali kabla ya mtihani na baadaye kusoma karatasi chache: za juu, za kati na za chini. Ni mtu wa maana sana, lakini ni mmoja, na mafurushi ni mengi. Kwa maneno mengine, mtoto wa kidato cha nne analindwa na macho mengi kuliko mtahiniwa wa shahada. Nililisema hili kwenye kikao cha kwanza cha kamati na mwenyekiti akaniomba niliandike kama pendekezo. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu.

Idara ya kwanza kuitembelea ilikuwa Hisabati. Huko kuna mzee mmoja, mtu wa Mumias, mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu. Alinitandikia karatasi ya mwanafunzi mezani na kunionyesha herufi ndogo pembeni mwa kila mstari: M ni alama ya njia, A ni ya usahihi wa jibu, B ni ya jambo linalojitegemea. Yule mwanafunzi alikuwa amekosea mstari wa pili, akaandika jumlisha mahali pa kutoa, kisha akaendelea bila kuyumba hadi mwisho. Jibu lake lilikuwa mbali kabisa na jibu sahihi. Mzee alikuwa amempa 7 kwa 10.

“Jibu si lenyewe,” aliniambia, “lakini njia anaijua. Kosa moja nimeshamkata. Nimkate mara ngapi?”

Nilishangaa, kwa sababu huku kwetu watu wa lugha tumezoea kuamini kwamba Hisabati ni jibu tu, unalo au huna. Kumbe ndiyo taaluma iliyoketi ikafikiri zaidi kuhusu tofauti ya kujua na kufika. Mimi katika isimu nilikuwa na swali la kuchanganua sentensi kwa vielelezo vya matawi, na mwanafunzi aliyekosea tawi la kwanza alipoteza yote yaliyoning'inia chini yake. Mbinu ya mzee niliibeba siku hiyohiyo.

Lakini kilichozua ubishi ni kitu kingine. Alama za darasa lake zilianzia 8 zikapanda hadi 96. Zangu, muhula baada ya muhula, zilikaa kati ya 41 na 68. Alizitazama, akaguna, akasema: “Mwalimu, kwani huko kwenu hakuna mtu anayejua Kiswahili hadi mwisho?”

Nilimjibu kwamba swali la Hisabati lina mwisho, na anayefika mwisho amefika. Insha ya fasihi haina mwisho, na kila msahihishaji ana kichwani insha bora kuliko ile iliyo mbele yake. Nilimjibu hivyo na bado naamini kuna ukweli ndani yake. Ila tazama matokeo. Kijana wa ualimu anayesoma Hisabati na Jiografia anaweza kupata 90 huku na 62 kule, wastani ukawa 76, daraja la kwanza. Binti anayesoma Kiswahili na Historia, aliye wa kwanza katika madarasa yote mawili, anaondoka na 67 na 66. Daraja la pili, la juu. Wakienda kuomba nafasi ya uzamili au ufadhili, anayesoma fomu haoni kwamba 67 ile ilikuwa paa la nyumba. Katika orodha ya mahafali ya kitivo chetu, mtu wa daraja la kwanza huwa wa kutafutwa kwa tochi, na siamini kwamba watoto wetu ni wajinga kuliko wa jengo la pili.

Nilipokuwa nikiandaa ripoti nilikumbuka kisa nilichosoma zamani. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma nakala za karatasi ileile ya Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi wakaomba kila mmoja aisahihishe. Alama zilitawanyika vibaya, kutoka za kufeli hadi za kusifiwa. Watu wakasema, ah, hiyo ni lugha, mlitarajia nini? Mwaka uliofuata wakarudia kwa karatasi ya jiometria, na alama zikatawanyika zaidi ya zile za Kiingereza. Walimu wengine walikuwa wakikata alama kwa uchafu wa kazi, wengine wakitazama jibu peke yake. Nilimsimulia mzee wa Mumias. Akafikiri kidogo, akasema, “Hao hawakuwa na M na A,” akarudi kwenye karatasi zake.

Kutoka Hisabati nilikwenda Uuguzi. Mhadhiri wao mkuu wote tunamwita Sista, hata maprofesa. Mitihani yao ya vitendo hufanyika Kisumu, na siku niliyokwenda alinipokea kwenye ngazi za ile hospitali kuu ya rufaa ambayo wazee bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mtihani huo wanauita oski. Ulibuniwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, na kutangazwa mwaka 1975, na shida uliyokuja kutatua inafahamika kwa yeyote aliyewahi kutahiniwa kwa bahati nasibu: zamani kila mwanafunzi alipewa mgonjwa wake na mtahini wake, mmoja akaangukia mgonjwa mwepesi na daktari mcheshi, mwingine akaangukia balaa. Katika oski vyumba hupangwa kuwa vituo. Hapa unapima shinikizo la damu, pale unamweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa, kule unafunga kidonda cha mfano. Kila kituo kina dakika zake, kengele ikilia unahamia kingine, na kila mtahiniwa hupita mlemle kwa walewale. Mtahini ana orodha ya hatua mkononi na haruhusiwi hata kutikisa kichwa.

Niliketi kituo cha kidonda. Kijana mmoja aliingia, akamsalimia mgonjwa wa kuigiza kwa adabu, akaeleza anachotaka kufanya, akafunga bandeji safi kuliko ambavyo ningeweza kuifunga mimi kwa maisha yangu yote. Alikuwa hajanawa mikono. Sista aliweka alama moja tu kwenye fomu, ya kumwangusha kituo kizima.

Baadaye, tukinywa soda, nilijaribu kumtetea kijana. Nilimwambia kwetu tungempa alama za mengine mema. Sista aliniuliza mtihani wetu ukoje, nikamweleza: maswali matano, jibu la kwanza ambalo ni lazima, alama 30, kisha uchague mengine mawili yoyote ya alama 20 kila moja. Kila aliyesoma chuo Kenya anaujua mpangilio huo kama jina la mama yake. Sista akanitazama.

“Kwa hivyo mgonjwa akija na ugonjwa ambao hukuusoma, unachagua mgonjwa mwingine?”

Sikuwa na jibu la haraka, na sina uhakika kama ninalo hata leo. Fasihi haiui mtu. Lakini ni kweli kwamba mwanafunzi wangu angeweza kusoma mada nne kati ya kumi, akakusanya karatasi za miaka iliyopita, akabahatisha zitakazokuja, akaondoka na B bila kuwahi kufungua chochote kuhusu ushairi. Kisha anakwenda kufundisha ushairi huko Bungoma. Uuguzi wana mambo ambayo hayafidiwi na mengine. Nilirudi idarani nikawauliza wenzangu: sisi ya kwetu ni yapi? Tulibishana alasiri nzima. Tulichokubaliana ni kidogo: anayehitimu Kiswahili lazima aweze kulisoma shairi asilowahi kuliona na kusema jambo la maana juu yake, na lazima aweze kuandika ukurasa mmoja ulionyooka. Mambo mawili. Siku hizi swali la kwanza la mtihani wangu ni shairi geni, na halina mbadala.

Watu wa sayansi ya udongo walinipeleka Ahero, kwenye mashamba ya mpunga ya uwanda wa Kano, na nikaharibu viatu. Pale mtihani ni shimo. Wanafunzi wanachimba hadi usawa wa kifua, wanasafisha ukuta mmoja wa shimo, halafu wanausoma kutoka juu kwenda chini: tabaka linaishia wapi, rangi yake ni ipi kwa kuilinganisha na kurasa za kitabu cha rangi cha Munsell, mizizi imefika wapi. Kisha wanachukua donge, wanalilowesha, wanalikanda na kulifinyia kati ya kidole gumba na cha shahada hadi litoke utepe. Utepe mrefu usiokatika ni mfinyanzi mzito. Wenye mchanga hukatika upesi. Mhadhiri, kijana mwenye kofia ya majani, huwa naye anafinya donge lilelile na kuwaambia: “Wewe umesema nini? Haya, finya tena.” Hakuna karatasi ya majibu. Alama huwekwa palepale, jua likiwaka.

Nilimuuliza swali linalowasumbua wote wanaotoa kazi za vikundi: kundi la watu sita, wanaochimba wawili, alama za nani? Alicheka. Alisema amejaribu kuwaambia wapeane alama wenyewe, wakapeana sawasawa wote kwa kuogopana. Sasa anafanya hivi: kundi likishamaliza, anamnyooshea kidole mmoja, yeyote, na huyo ndiye anayeeleza shimo zima. Alama atakazopata ndizo za kundi. Tangu hapo, alisema, usiku wa kabla ya safari mabweni hayalali. Wanaojua wanawafundisha wasiojua kwa nguvu. Binafsi naona kuna uonevu ndani yake, kwa sababu kuna watu ambao ulimi hukauka mbele ya wenzao hata kama wanajua. Lakini sijaona dawa nyingine ya ugonjwa huo iliyofanya kazi hata nusu yake.

Hapo katikati kulikuwa na idara ambazo sitazikalia sana. Kwenye kozi za lazima zinazosomwa na chuo kizima, ukumbi unafurika hadi madirishani, na mhadhiri hana namna ila maswali ya kuchagua jibu. Mmoja wao, mtu wa biolojia, alinifundisha hesabu ambayo kila mtungaji wa maswali hayo angepaswa kuijua: maswali 40 yenye majibu manne kila moja humpa mkisiaji asiyejua chochote kama alama 10 za bure. Alinionyesha pia namna ya kulipima swali lenyewe: unachukua theluthi ya juu ya darasa na theluthi ya chini, au ukifuata desturi, asilimia 27 za kila upande, unatazama wangapi walilipata. Swali ambalo wa chini wamelipata kuliko wa juu lina ila, na huwa anawarudishia wote alama zake. Sijawahi kumwona mtu wa kitivo chetu akiipima karatasi yake mwenyewe namna hiyo.

Na kuna ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, ambao ni wetu sote wa elimu. Tunawafuata wanafunzi mashuleni, tunakagua azimio la kazi na andalio la somo, tunaketi nyuma ya darasa na fomu ya alama 100. Mwaka fulani nilifika shule moja ya Emuhaya ambako kidato cha pili walikuwa wakijibu maswali kabla mwalimu hajayamaliza. Somo lilikuwa limefundishwa jana, bila shaka, na huenda na juzi. Nilimpa alama za maandalizi.

Lakini mtihani ulioniachia mengi ya kutafuna ulikuwa wa Muziki. Msichana wa mwaka wa nne alikuwa anapiga nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo kwa desturi ya Wajaluo ilikuwa ya wanaume. Aliketi kwenye kigoda, njuga za gara mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea ubavu wa ala. Watahini walikuwa watatu: wahadhiri wawili na mzee mpiga nyatiti kutoka Siaya, ambaye idara humwalika kila mwaka. Utaratibu wao niliupenda mara moja. Wimbo ukiisha hakuna anayefungua kinywa. Kila mmoja anaandika alama zake kwenye kipande cha karatasi, anaikunja, ndipo zinafunguliwa na mazungumzo yanaanza. Ukizungumza kwanza, mkubwa wa cheo ndiye atakayesikika, na wengine watapanga alama zao kumfuata.

Wahadhiri walikuwa wameandika 74 na 71. Mzee aliandika 50.

Walimuuliza kwa heshima, “Jaduong', kwa nini?” Mzee alisema vidole vya msichana ni vizuri, mguu wake hauchelewi, sauti yake ni safi. “Lakini amepiga muda wote huo na hajamsifu mtu.” Nyatiti, alieleza, ina mahali ambapo muziki hupungua na mtu hutajwa, hujigamba, husifiwa, wenyewe huita pakruok. Bila hilo ni nyuzi tu.

Fomu ya tathmini ilikuwa na safu ya ufundi, safu ya mapigo, safu ya sauti, safu ya mavazi na uwasilishaji. Haikuwa na safu ya kumsifu mtu. Mhadhiri mmoja alisema haiwezekani kumkata mwanafunzi kwa jambo ambalo hakuambiwa litapimwa. Ni hoja nzito, na mimi ningeitetea mahakamani. Mwingine akasema kama safu hiyo haipo, basi tumekuwa tukiwapa watu shahada za nusu nyatiti. Waliafikiana kwa 68 na wakaandika kwamba fomu ibadilishwe kabla ya mwaka ujao. Ilibadilishwa, niliiona.

Nilirudi kwenye kamati na kukuta wenzangu wamepiga hatua kwa njia nyingine. Walikuwa wamechapisha jedwali la Benjamin Bloom la mwaka 1956, ngazi sita za kujua, na orodha ya vitenzi kwa kila ngazi, wakitaka kila mhadhiri aonyeshe swali lake liko ngazi gani. Sina ugomvi na Bloom. Ugomvi wangu ni na tunachofanya naye. Mhadhiri aliyekuwa akiuliza “Taja sifa tano za mighani” sasa anauliza “Changanua sifa tano za mighani”, na mwanafunzi anaandika zilezile tano alizokariri, kwa mpangilio uleule wa daftari. Kitenzi kimepanda ngazi, swali limebaki chini. Napenda zaidi mpangilio wa George Miller, daktari wa Marekani aliyewaandikia walimu wa tiba mwaka 1990: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anafanya. Ukiuweka mbele yako unalazimika kukubali kwamba karatasi ya ukumbini, hata ikitungwa na malaika, haiwezi kupita ngazi ya pili.

Kanuni mpya zilipofika seneti, 30 kwa 70 ilibaki palepale, kama kila mtu alivyotarajia. Kilichopita ni vifungu viwili. Kimoja kinataka kila idara iandike kwa lugha ya kawaida ni ushahidi gani itakaoukubali kwamba mtu amejifunza, na ni mambo gani hayafidiwi. Cha pili kinataka karatasi kadhaa za kila kozi zisahihishwe na watu wawili, kila mmoja bila kuona alama za mwenzake, kabla furushi zima halijaanza kusahihishwa. Hicho cha pili ni ile desturi ya KCSE niliyoipigia kelele. Kuna idara zinazokifuata na kuna zinazojaza fomu tu baada ya kazi kuisha. Alama zinazopotea kabisa kabla hazijafika kwenye mfumo, zile zinazowafanya wanafunzi kukaa kwenye korido za wakuu wa idara mpaka mahafali yawapite, ni hadithi ya siku nyingine.

Mimi na wenzangu tumeanza kuutumia mpimo wote wa alama, hadi juu. Mwaka huu nilitoa 81, na mtahini wa nje akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: kwa nini? Nilimwandikia nusu ukurasa. Alikubali, japo alinikumbusha kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kupita 75.

Sasa tuna jambo jipya mezani. Tangu mwisho wa 2022, zana za akili mnemba zilipowafikia watu wote, insha ya kwenda kuandikia nyumbani imepoteza thamani yake kama ushahidi. Mwanzoni Kiswahili cha mashine kilijifichua chenyewe. Siku hizi kimejirekebisha na si rahisi kukitambua. Mzee wa Mumias hana wasiwasi, wanafunzi wake wanaandika ukumbini kwa mkono. Sisi tumeamua kwamba kila insha ya muhula itafuatwa na maswali ya mdomo ya dakika 10. Darasa la watu 120 ni saa 20 za kuuliza, na ratiba haina saa 20, kwa hiyo tumegawana wahadhiri watatu na kuchukua jioni. Kwa majaribio, kila jopo limekuwa na mtu mmoja kutoka nje ya kitivo.

Nilimwomba mzee aketi na mimi. Aliyeingia kwanza alikuwa kijana wa Kakamega aliyeandika kuhusu vina katika mashairi huru. Nilimuuliza ya nadharia, akajikwaa kidogo. Mzee alimuuliza kitu kimoja tu: ukiufuta mstari huu wa tatu, shairi litapoteza nini? Kijana aliinua macho, akafikiri, akaeleza mpaka akasahau kwamba yuko kwenye mtihani. Alipotoka tulifungua vikaratasi vyetu. Mimi niliandika 66, mzee aliandika 90. Nilimwambia kwa fasihi 90 haipo. Akaniuliza kijana alikosa nini, nikaanza kutaja, akawa ananihesabia kwa vidole, na wa pili kwenye foleni alikuwa ameshagonga mlango mara tatu tulipoafikiana kwa 78.